Siku Tatu Kamili Kando ya Ziwa Bunyonyi

Kila inapokaribia likizo ya Juni, wasomaji wa safu hii hutuuliza swali lile lile kwa maneno mbalimbali: watoto wapelekwe wapi? Aghalabu huwa wanatarajia tutaje madrasa, twisheni au nyumbani kwa bibi, na yote matatu ni mema. Safari hii tunajibu kwa kusimulia likizo yetu wenyewe. Sisi wawili, mume na mke tunaoiandika safu hii kwa kalamu moja, tuliwachukua watoto wetu watatu pamoja na bibi yao, tukatoka Bukoba, tukavuka mpaka wa Mutukula, na tukaenda kukaa katika banda la mbao kando ya ziwa lililo juu ya milima ya kusini-magharibi mwa Uganda.

Bibi, ambaye kwa mmoja wetu ni mama mzazi na kwa mwingine ni mama mkwe, ndiye aliyepinga kwa nguvu zaidi. "Ziwa mnalo hapa mlangoni, wanangu, wala halina kiingilio," alisema. "Sasa mnakwenda kulipia baridi?"

Ni hoja nzito, na tunaijibu kwa heshima. Ziwa tunalo, tena kubwa kuliko yote barani. Lakini nyumbani tunayo pia simu ya kazini, duka, wageni, misiba na harusi. Kuwatembelea jamaa ni wajibu ambao hatuthubutu kumwambia mtu aupunguze. Hata hivyo, kila aliyewahi kuipeleka familia yake kwa jamaa anajua mambo yanavyokwenda: wanaume hukaa barazani, wanawake huishia jikoni, watoto hutawanyika na binamu zao, na baada ya wiki moja familia hurudi ikiwa imekutana na ukoo mzima isipokuwa yenyewe kwa yenyewe. Tulitaka, kwa siku chache tu katika mwaka, kukaa mahali ambapo hatukuwa na mtu wa kumwamkia zaidi ya sisi kwa sisi. Bibi alikubali hatimaye, kwa sharti kwamba hatapanda chombo chochote cha majini. Watu wa Bukoba hawahitaji kuelezwa sababu. Tangu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua roho za mamia ya watu, wapo wazee wetu wengi ambao hulitazama ziwa kwa mbali.

Kuhusu fedha tutasema machache. Hatukukopa. Kibubu kilianza kujazwa Julai ya mwaka uliotangulia, na watoto walijua kila kilichoahirishwa kwa ajili yake. Kilichotusumbua zaidi ni hati za kusafiria za watoto, na yeyote anayekusudia kuvuka mpaka tunamsihi aanze kuzishughulikia miezi kadhaa kabla. Njia hupita Kyotera, Masaka, Mbarara na Ntungamo hadi Kabale, zaidi ya kilomita 400. Tuliondoka Ijumaa baada ya swala ya alfajiri, tukalala Mbarara, na adhuhuri ya Jumamosi tulikuwa tunateremka kuelekea ziwani, mwendo usiofika kilomita 10 kutoka mjini Kabale. Jumatano asubuhi tulifunga virago. Hesabu hiyo haikuwa ya bahati nasibu: katika madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukamilisha swala zake. Siku zetu kamili zilikuwa tatu, hivyo tuliendelea kupunguza na kukusanya. Kibla huko ni kaskazini, kwa kuegemea kidogo mashariki, na mtoto wetu wa kiume alikabidhiwa kazi ya kukitafuta. Aliifanya kwa fahari isiyo na mfano.

Sasa tuliseme ziwa lenyewe, maana linastahili. Bunyonyi liko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 800 juu ya Ziwa Viktoria. Zamani za kale, maelfu ya miaka iliyopita, palikuwa na bonde na mto uitwao Ndego. Lava ya volkano ilimiminika ikauziba mto, maji yakapanda polepole yakalijaza bonde, na vilele vya vilima vilivyokuwa ndani yake vikabaki vinachungulia juu ya maji. Ndivyo visiwa vyake 29 vilivyopatikana. Vilima vinavyolizunguka vimelimwa kwa matuta ya ngazi kuanzia ukingoni hadi kileleni, viazi hapa, mtama pale, maharage kule, na ukivitazama alfajiri kupitia ukungu utadhani vimeshonwa viraka. Kitindamimba wetu aligundua kwamba ziwa hilo limechorwa kwenye noti ya shilingi 5,000 ya Uganda, na kwa siku tatu alikuwa akiinyanyua noti hewani na kufumba jicho moja, akitafuta mahali mchoraji aliposimama. Jina la ziwa maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Bibi alilielewa kabla hajaambiwa, kwa kuwa Kihaya chake na Kikiga cha wenyeji ni lugha za ukoo mmoja. Jambo hilo halikutujia akilini tulipokuwa tukipanga safari. Yule aliyekuja kwa kulazimishwa ndiye aliyekuwa mkalimani wetu sokoni, gatini na jikoni, na ubishi wake wote ukayeyuka ndani ya saa moja.

Banda lilikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Jiko lilikuwa nje. Televisheni haikuwapo, na mtandao wa simu ulipatikana kwa yule tu aliyekubali kupanda kilima nyuma ya nyumba. Mume kati yetu alikipanda mara mbili siku ya kwanza, mara moja siku ya pili, na siku ya tatu simu ililala ndani ya begi. Usiku baridi yake ni ya kutetemesha meno. Hapa tunatoa onyo ambalo twataka lisomwe mara mbili: jiko la mkaa lisiingizwe kulala ndani pamoja na watu, hata kama makaa yameshafifia. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala haimwamshi aliyelala. Sisi tulitumia mablanketi, soksi, na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa khanga. Maji ya udhu wa alfajiri yalichemshwa na kuachwa katika chupa za chai tangu usiku, na kwa mara ya kwanza hatukulazimika kumwita mtu mara tatu.

Asubuhi zilikwenda kwa mtumbwi. Mitumbwi ya huko huchongwa kutoka katika gogo moja la mkaratusi, na ina tabia ya kumdhihaki mgeni kwa kuzunguka mahali pamoja kama pia. Watoto wa wenyeji, wakiwa na sare za shule, walitupita kwa kasia moja moja huku wakijizuia kucheka. Kila mmoja wetu alivaa jaketi ya kujiokolea kabla ya kukanyaga mtumbwi, na hili halikuwa na mjadala. Wenyeji husema ziwa hilo halina mamba wala kiboko, nasi hatukuona dalili yao, lakini hatari yake ni nyingine: kwa kuwa ni bonde lililojaa maji, kingo zake huteremka ghafla. Hatua mbili kutoka ufukweni, na huna tena pa kukanyaga.

Kwa sababu hiyo hiyo mabinti wetu walifundishwa kuogelea. Tunalisema hili wazi kwa kuwa katika familia zetu wavulana hujifunza kwa kutoroka, na wasichana hawajifunzi kabisa, kisha chombo kinapopinduka tunashangaa ni kina nani waliozama. Stara haikuamrishwa ili binti afe maji. Tulichagua banda lenye gati yake, lililofichwa na mafunjo pande zote mbili, na kila siku kwa saa mbili wanaume wa nyumba yetu walikwenda kununua viazi, wanunue wasinunue. Mke kati yetu, aliyejifunza kuogelea utotoni kwa siri, aliingia majini na mabinti wake wakiwa na mavazi mapana ya kusitiri na kamba imefungwa gatini. Bibi alikaa ukingoni akiishika kamba hiyo kwa mikono yote miwili, ingawa fundo lilikuwa imara. Hadi Jumanne binti mkubwa aliweza kuelea chali na kurudi gatini peke yake.

Chakula hakikututaabisha. Nyama tulinunua Mbarara kwa mchinjaji Mwislamu tukaikaanga iwe kavu. Viazi vya Kabale havihitaji sifa zetu. Ziwani huvuliwa kamba wa maji baridi, na kwa sisi tunaomfuata Imamu Shafi hawana tatizo, ingawa Bibi aliwatazama kwa muda mrefu kisha akachagua maharage. Mwenye kwenda huko aulize vizuri juu ya kinywaji cha mtama kiitwacho bushera. Kilicho kipya ni kitamu na hunywewa na watoto, lakini kikiachwa kichachuke na kukolezwa huwa pombe, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Jumanne, siku ya tatu, ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya sinia. Watoto walimzunguka Bibi, wakamvisha jaketi, na hatujui ni dua ngapi alizosoma, lakini alipanda. Ilikuwa boti pana yenye mashine, na nahodha wake, kijana wa hapo hapo, alichanganya Kiswahili na Kikiga, akituonesha kisiwa baada ya kisiwa. Alituonesha Bwama, ambako daktari Mwingereza Leonard Sharp alianzisha makazi ya kuwatibia wenye ukoma, watu waliokuwa wakikimbiwa na jamii zao. Leo Bwama ina shule, na ndiko wale watoto wa kasia walikokuwa wakielekea. Kisha alipunguza mwendo mbele ya kisiwa kidogo mno, pengine ungekizunguka kabla hujamaliza tasbihi moja, chenye majani marefu na mti mmoja mkavu. Kiliitwa Akampene.

Alisimulia kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimulia. Katika zama za wazee wa wazee wake, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliletwa pale kwa mtumbwi na kuachwa. Hapakuwa na chakula wala kivuli. Wengi hawakujua kuogelea, na waliojaribu walizama kwa uchovu na baridi. Mara nyingine mwanamume fukara asiye na ng'ombe wa mahari alikuja akamchukua mmoja awe mkewe, maana binti aliyekwisha kutupwa hakuwa na bei. Desturi hiyo ilikoma katika karne iliyopita.

Mtoto wetu wa kiume aliuliza kama mti ule ulikuwapo wakati huo. Kitindamimba aliuliza kama mtoto wa tumboni naye aliadhibiwa, na hatukumjibu upesi. Binti mkubwa, aliye kidato cha tatu, alinyamaza hadi mashine ilipowashwa tena. Ndipo akamgeukia nahodha. "Kaka, aliyekuwa akipiga kasia ni nani?"

Kijana hakuelewa.

"Mtu aliyemleta. Alikuwa nani kwake?"

Alifikiri, kisha akasema kwamba kwa alivyosimuliwa, wakati mwingine alikuwa kaka yake. Wakati mwingine baba.

Usiku ule tulikaa nje karibu na moto wa kuni, tumejifunga mablanketi hadi masikioni. Nyumbani saa kama hiyo mmoja wetu angekuwa kwenye hesabu za duka, mwingine kwenye simu ya kikao cha harusi, na binti chumbani kwake mlango umefungwa. Pale hapakuwa na chumba cha kujifungia. Aliuliza akiwa anaangalia makaa: "Ingekuwa mimi?"

Mama yake alisema, "Ungekuja nyumbani."

Baba yake hakulisema hilo, na tunaandika hapa tofauti yetu kama ilivyokuwa, kwa kuwa tunaamini ipo katika nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu. Mmoja wetu aliona kwamba zinaa ni jambo zito, na kumwahidi mtoto msamaha kabla ya kosa ni kumfungulia mlango. Mwingine aliona kwamba mtoto anayeulizia mlango hakusudii kutoka. Tulibishana kwa adabu, mbele yao, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Mmoja wetu alikumbusha kwamba tangu Novemba 2021 nchini kwetu msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule rasmi. Mwingine akajibu kwamba shule si nyumba. Ndiyo, alisema wa kwanza, na ni aibu kwetu ikiwa shule ndiyo itakayotangulia kufungua.

Bibi alikuwa kimya muda wote huo. Tulidhani amesinzia.

"Sisi tulikuwa saba," alisema.

Katika nyumba yetu kila mtu anajua kwamba Bibi alizaliwa katika watoto sita. Majina yao tunayo, makaburi ya watano tunayajua. Mtoto wa kiume akamsahihisha kwa upole: "Sita, Bibi."

"Saba. Alikuwa mbele yangu." Kisha akalitaja jina, ambalo hatuliandiki hapa. Akasema dada yake alikuwa na umri wa mjukuu wake huyu, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kusuka mikeka na kusoma juzuu ya kwanza. Ilipojulikana, hakupigwa wala hakutukanwa. Alfajiri moja aliamriwa afunge nguo zake. "Wewe mjukuu wangu umeuliza nani alikuwa akipiga kasia. Baba yetu ndiye aliyembebea mzigo mpaka barabarani. Alimpandisha kwenye lori la kahawa lililokuwa likielekea Masaka, akarudi peke yake, akaketi, akala. Mama akaambiwa sahani zimebaki nane. Hatukumtaja tena. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nimeishika amri hiyo hadi leo."

Baba wa nyumba hii, ambaye ni mwanawe, alikuwa akilisikia jina la mama yake mkubwa huyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Ubishi wetu uliishia hapo. Baada ya muda alimwambia binti yake: "Likikupata jambo lolote, kubwa au dogo, zuri au baya, njoo kwangu kabla hujaenda kwa mtu mwingine. Nitakasirika. Njoo hivyo hivyo." Binti alisema, "Sawa, Baba," kwa sauti ya kawaida kabisa, akaongeza kuni.

Watoto walimuuliza Bibi maswali hadi moto ukazimika. Alikuwa mrefu? Alikuwa anapenda nini? Aliimba? Aliyajibu yote. Inaonekana dada huyo alikuwa mcheshi kupita kiasi, na aliweza kumwigiza mwalimu wa chuo hadi mwalimu mwenyewe akacheka. Tuliingia ndani karibu na saa sita usiku, na nyuma ya pazia tukawasikia wasichana wakijaribu kumwigiza mtu wasiyemjua.

Wasomaji walio Tanga, Moshi, Arusha au Mbeya hawana haja ya kuvuka mpaka. Lushoto ina baridi na vilima vya kutosha ingawa haina ziwa, Chala liko ubavuni mwa Kilimanjaro, Duluti liko Tengeru, na Ngozi liko juu ya milima ya Mbeya kwa mwenye miguu ya kupanda. Sharti letu ni moja tu, chumba kiwe kimoja. Asiyeweza safari kabisa, na wapo wengi wasioweza kwa sababu zisizo na lawama, anaweza kuzima simu zote za nyumba tangu Maghribi hadi watu walale, akaona kitakachosemwa.

Jumatano tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika Masaka, Bibi aliomba gari lisimame. Hakushuka. Alishusha kioo, akawatazama wapita njia kwa kitambo, wanawake wazee hasa, kisha akasema twendeni, jua linazama.

Hitima ya nyumba yetu husomwa kila mwezi wa Shaaban, na majina ya marehemu huandikwa katika karatasi moja ambayo imekuwa ikinakiliwa mwaka hata mwaka. Safari hii Bibi aliagiza iandikwe upya, na binti mkubwa ndiye aliyeketi naye kuiandika. Kwa kuwa haijulikani kama dada yule yu hai, tulimuuliza shekhe wetu wa mtaani, naye alituelekeza tumwombee kheri bila kumhesabu miongoni mwa waliokufa. Kwa hiyo jina lake limeandikwa peke yake, upande wa pili wa karatasi.